Miaka 70 ya LDP: Chama kilichobebwa na wenye maduka wa Japani

Mfanyabiashara anayevuka Rusumo kutoka Ngara kwenda Kirehe anapita juu ya fedha za walipakodi wa Japani. Daraja lile na kituo cha pamoja cha mpakani vilijengwa kwa msaada wa Serikali ya Tokyo, na Aprili 2016 Marais John Magufuli na Paul Kagame walikutana pale kuvizindua. Gari linalombebea mzigo huenda nalo liliwahi kukimbia katika barabara za Osaka au Nagoya kabla ya kushushwa Mombasa au Dar es Salaam.

Tunaijua Japani kwa bidhaa zake. Siasa zake hatuzijui sana, na pengine ni kwa sababu kwa miaka mingi hazikuonekana kuwa na jambo la kusimulia. Chama kilekile, wanaume wazee walewale wenye suti nyeusi, na waziri mkuu mpya kila baada ya mwaka mmoja au miwili ambaye jina lake tulikuwa tunalisahau kabla hatujalizoea.

Chama hicho ni Chama cha Kiliberali cha Kidemokrasia, kwa kifupi LDP. Wajapani wenyewe wanakiita Jiminto. Novemba 15, 2025 kilitimiza miaka 70, na katika miaka hiyo yote kilikuwa nje ya serikali kwa takriban miaka minne tu. Lakini kiliifikia siku hiyo ya kuzaliwa kikiwa hakina wingi wa viti katika bunge lolote kati ya mawili ya nchi hiyo, na mshirika wake wa miaka 26 alikuwa amefunga virago na kuondoka.

Kwa msomaji anayeishi kwa kununua na kuuza, hadithi hii ina sehemu inayomhusu kuliko zote. Nguvu ya LDP haikuanzia kwa Toyota wala Sony. Ilianzia kwa wakulima wa mpunga na wenye maduka madogo, watu waliokuwa wakilala ghorofani na kuuza samaki, tofu na madaftari chini.

Ndoa ya hofu

Mwaka 1955 Japani ilikuwa imetoka vitani miaka kumi tu nyuma. Wahafidhina walikuwa na vyama viwili vilivyochukiana, kimoja cha watu wa Shigeru Yoshida na kingine cha Ichiro Hatoyama. Oktoba mwaka huo Wasoshalisti, waliokuwa wamegawanyika, wakaungana. Matajiri wenye viwanda waliingiwa na hofu, wakawaambia wahafidhina waache ugomvi. Mwezi mmoja baadaye vyama viwili vikawa kimoja.

Marekani nayo haikukaa pembeni. Mwaka 2006 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikiri, katika nyaraka zake yenyewe, kwamba shirika la ujasusi CIA liliwapa fedha kwa siri baadhi ya wanasiasa wahafidhina wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea katika miaka ya 1960. Vita Baridi vilikuwa vimeshika kasi na Washington haikutaka Tokyo iangukie upande wa pili.

Ndoa iliyofungwa kwa hofu haikosi vyumba vya siri. Ndani ya LDP palikuwa na makundi, kila kundi na mkubwa wake, mfuko wake na orodha yake ya watu wanaongojea uwaziri. Mfumo wa uchaguzi wa wakati ule ulichochea hali hiyo, kwani jimbo moja lilitoa wabunge watatu hadi watano, kwa hiyo chama kikitaka kutawala kilipaswa kusimamisha wagombea kadhaa palepale, wagombane wao kwa wao. Mgombea wa LDP hakuweza kusema sera yake ni bora kuliko ya mwenzake, maana ilikuwa moja. Alichoweza ni kutoa zaidi.

Basi wakatoa. Kila mbunge alikuwa na umoja wa wafuasi wake jimboni. Umoja huo uliandaa safari za kwenda kuoga kwenye chemchemi za maji moto, sherehe za mwisho wa mwaka na mashindano ya michezo. Kwenye harusi na misiba bahasha ya mbunge ilitangulia mbunge mwenyewe. Na fedha za bahasha hizo zilitoka wapi? Mkubwa wa kundi aligawa mara mbili kwa mwaka, wakati wa joto zikiitwa pesa za barafu, na mwisho wa mwaka pesa za mochi, yaani zile keki za mchele za mwaka mpya. Msomaji ambaye amewahi kuona msimu wa kampeni katika ukanda wetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Miaka ya neema

Isidhaniwe kwamba ilikuwa bahasha peke yake. Mwaka 1960 Waziri Mkuu Nobusuke Kishi alilazimika kujiuzulu baada ya maandamano makubwa ya kupinga mkataba wa ulinzi na Marekani. Aliyemfuata, Hayato Ikeda, aliacha kabisa kubishana juu ya mikataba. Aliahidi kitu kimoja: pato la nchi litaongezeka mara mbili ndani ya miaka kumi. Lengo hilo lilifikiwa kabla ya muda. Treni za mwendo kasi zikaanza mwaka 1964, Tokyo ikaandaa Olimpiki mwaka huohuo, na Wasoshalisti wakabaki wanapinga mambo ambayo mpigakura alikwishayasahau.

Ustadi wa LDP ulikuwa katika kugawa neema hiyo. Serikali ilinunua mpunga kwa mkulima kwa bei ya juu na kuuza mchele mjini kwa bei nafuu zaidi, hasara ikabebwa na hazina. Vyama vya ushirika vya wakulima vikarudisha shukrani kwenye sanduku la kura. Na kura ya kijijini ilikuwa nzito kuliko ya mjini, kwa sababu watu walihamia mijini lakini mipaka ya majimbo haikuhama nao. Katika uchaguzi wa 1972 kura ya mtu wa jimbo dogo kuliko yote ilikuwa na uzito wa karibu kura tano za mtu wa jimbo kubwa kuliko yote. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya juu ya nchi ilitamka kuwa hali ile ilikwenda kinyume na katiba, lakini matokeo hayakufutwa.

Mtu aliyeufanya mchezo huu kuwa sanaa ni Kakuei Tanaka. Alitoka Niigata, mkoa wa theluji nyingi, hakusoma chuo kikuu, akatajirika kwa ukandarasi. Alipata uwaziri mkuu Julai 1972 akiwa na mpango wa kuijenga upya nchi nzima kwa barabara, mahandaki na reli. Septemba alikuwa Beijing akirejesha uhusiano na China. Mwaka 1974 akajiuzulu kwa kashfa ya fedha, na 1976 akakamatwa katika kesi ya rushwa ya kampuni ya ndege ya Lockheed. Watu wa Niigata waliendelea kumchagua. Alipotiwa hatiani Oktoba 1983, Desemba walimpigia kura nyingi kuliko kawaida. Treni ya mwendo kasi ilikuwa imeshafika kwao mwaka mmoja kabla.

Sheria ya duka kubwa

Hapa ndipo mwenye duka anapoingia. Katika uchaguzi wa Desemba 1972 Wakomunisti walipata viti 38, wakiungwa mkono sana mijini. Walikuwa na jumuiya yao ya wafanyabiashara wadogo, iliyowasaidia kujaza fomu za kodi na kubishana na ofisa wa mapato. LDP iliona wateja wake wa asili wanachukuliwa na duka la jirani.

Majibu yalikuja mwaka uliofuata, na yalikuwa mawili. La kwanza ni mkopo usio na dhamana wala mdhamini. Mwenye biashara ndogo alitakiwa kupata ushauri wa chemba ya biashara ya eneo lake kwa muda wa miezi sita, kisha chemba ikampendekeza kwa taasisi ya fedha ya serikali. Hakuulizwa hati ya nyumba wala shamba. Mkopo huo upo hadi leo, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya mambo mazuri ambayo LDP imewahi kufanya, hata kama sababu yake ilikuwa kura.

La pili ni sheria ya maduka makubwa. Aliyetaka kufungua duka lenye eneo la kuuzia la mita za mraba 1,500 au zaidi, au 3,000 katika miji mikubwa, alipaswa kwanza kuitaarifu wizara, na wafanyabiashara wa eneo lile wakapata nafasi ya kusema. Walisema kweli. Walitaka duka lipunguzwe ukubwa, lifungwe mapema jioni, lipumzike siku nyingi zaidi. Mwaka 1978 kiwango kikashushwa hadi mita 500. Katika miji mingine kampuni kubwa zilisubiri miaka, nyingine hata kumi, kupata ruhusa ya kufungua mlango.

Maduka ya rejareja yakafikia kama milioni 1.7 mwaka 1982. Lakini ulinzi haukuwa bure. Mama wa Tokyo alilipa bei ya juu kwa nyama, mchele na hata dawa ya meno kuliko ambavyo angelipa ushindani ungekuwepo. Kwa kuwa mshahara wa mumewe ulipanda kila mwaka, alinung'unika kidogo akalipa.

Mwaka 1989 uvumilivu ukaisha kwa wote kwa mpigo. Aprili ilikuja kodi ya mauzo ya asilimia 3, ya kwanza ya aina yake nchini humo, iliyosukumwa na Waziri Mkuu Noboru Takeshita, ambaye familia yake ilikuwa ya watengenezaji wa pombe ya mchele. Wakati huohuo ilifichuka kuwa kampuni iitwayo Recruit iliwapa wanasiasa na maofisa hisa kabla hazijaingia sokoni. Wakulima nao walikuwa na hasira kwa sababu serikali ilikubali kuachia nyama ya ng'ombe na machungwa kutoka Marekani. Takeshita akaondoka, na Julai LDP ikapoteza wingi katika bunge la juu. Wasoshalisti walioongoza ushindi ule walikuwa chini ya mwanamke, Takako Doi.

Ili kodi ile ipite, wenye biashara ndogo walikuwa wameahidiwa kitu: ambaye mauzo yake ya mwaka hayafiki yeni milioni 30 hatalipa. Naomba msomaji aikumbuke ahadi hiyo, tutairudia.

Kutoka, kurudi

Mwaka 1993 nyumba ikapasuka. Kigogo mmoja wa chama, Shin Kanemaru, alikutwa na vipande vya dhahabu vilivyofichwa, na vijana wa chama wakiongozwa na Ichiro Ozawa na Tsutomu Hata wakajitoa. Agosti, baada ya miaka 38, LDP ikatoka serikalini. Muungano wa vyama vingi chini ya Morihiro Hosokawa ukabadilisha mfumo wa uchaguzi, jimbo likawa na mbunge mmoja. Muungano huohuo ndio uliokubali mchele wa nje uingie kidogo, mwaka ambao mavuno yalikuwa mabaya na Wajapani wakalazimika kula mchele wa Thailand, jambo walilolilalamikia sana.

LDP haikukaa nje hata mwaka mmoja. Juni 1994 ilirudi kwa kushikana mikono na nani? Na Wasoshalisti, adui waliyeungana kumpinga mwaka 1955. Kiongozi wao, Tomiichi Murayama, akapewa uwaziri mkuu. Mpigakura wa Kisoshalisti hakukisamehe chama chake, nacho kimedhoofika tangu hapo hadi kubaki jina. Mwaka 1999 LDP ikapata mshirika wa kudumu zaidi, Komeito, chama chenye mizizi katika jumuiya ya Wabudha wa Soka Gakkai, ambao hujitokeza kupiga kura mvua inyeshe, jua liwake.

Aliyekibadilisha chama kutoka ndani ni Junichiro Koizumi, aliyeingia 2001 akisema wazi kwamba yuko tayari kukivunja. Shabaha yake ilikuwa posta. Posta ya Japani ilikuwa benki kubwa kuliko zote duniani kwa amana, na wakuu wa posta za vijijini walikuwa wapiga debe wa LDP tangu enzi za Tanaka. Wabunge wake mwenyewe walipomwangushia muswada mwaka 2005, alivunja bunge, akawanyima tiketi waasi na kuwapelekea wagombea wapya majimboni mwao. Alishinda viti 296. Miji ilimshangilia.

Vijijini na kwenye mitaa ya maduka hakukuwa na shangwe. Sheria ya maduka makubwa ilikuwa imeshafutwa mwaka 2000, baada ya shinikizo la muda mrefu la Marekani. Januari 1992 Rais George Bush mkubwa alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye duka la wanasesere la kampuni ya Kimarekani katika mkoa wa Nara, kuonyesha kuwa mlango umefunguka. Na ile ahadi ya milioni 30? Kuanzia 2004 kiwango kilishushwa hadi yeni milioni 10.

Mwaka 2009 LDP iliporomoka: viti 119 kati ya 480, wapinzani wa chama cha Demokrasia 308. Waziri Mkuu aliyeshindwa, Taro Aso, ni mjukuu wa Yoshida. Aliyeshinda, Yukio Hatoyama, ni mjukuu wa Hatoyama yule wa 1955. Kwa hiyo hata mapinduzi ya sanduku la kura yalikuwa shauri la familia mbili zilezile.

Wapinzani hawakudumu. Walibadilisha mawaziri wakuu watatu, na Machi 11, 2011 likaja tetemeko, tsunami na ajali ya Fukushima. Desemba 2012 LDP ilirudi ikiwa na Shinzo Abe, mjukuu wa Kishi.

Yeni ya bei nafuu

Enzi ya Abe ndiyo iliyofika mpaka kwenye yadi za magari za Mombasa na Dar. Benki Kuu ya Japani ilimwaga fedha, na yeni iliyokuwa takriban 80 kwa dola mwishoni mwa 2012 ikawa karibu 120 mwaka 2015. Muuzaji wa Yokohama ananunua gari mnadani kwa yeni, sisi tunamtumia dola. Yeni ikishuka, dola yetu inanunua zaidi. Katikati ya 2024 ilifika 160. Wanaoagiza magari watakuwa wameona tofauti kwenye ankara, kabla ushuru wa huku haujaimeza.

Kwa Mjapani wa kawaida kushuka huko kulimaanisha mafuta, ngano na umeme ghali. Kodi ya mauzo ilipanda hadi asilimia 8 mwaka 2014 na 10 mwaka 2019. Kisha Oktoba 2023 ukaanza utaratibu mpya wa ankara za kodi: mnunuzi akinunua kwa muuzaji asiyesajiliwa hawezi kudai kodi yake yote. Kampuni kubwa zikawaambia wadogo wachague, wajisajili walipe au washushe bei. Wenzetu wa Kenya wanaoijua eTIMS wataelewa bila mkalimani. Fundi seremala, dereva wa malori na mchoraji wa katuni waliokuwa chini ya milioni 10 wakajikuta ahadi ya 1989 imebaki maandishi tu. Na maduka yale milioni 1.7 sasa hayafiki milioni moja. Katika miji midogo mingi mtaa mkuu ni safu ya milango ya chuma iliyoteremshwa.

Abe alikuwa amejiuzulu kwa ugonjwa mwaka 2020. Julai 8, 2022 alipigwa risasi akihutubia Nara. Mshtakiwa alikuwa na kinyongo na Kanisa la Muungano, lililokuwa limechukua mali ya mama yake, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha karibu nusu ya wabunge wa LDP walikuwa na uhusiano wa namna fulani na kanisa hilo. Mwishoni mwa 2023 likaja jingine: makundi yaliuza tiketi za hafla na sehemu ya mapato ikarudi kwa wabunge bila kuandikwa popote. Bahasha zilezile, mwelekeo tofauti. Makundi mengi yakavunjwa, Waziri Mkuu Fumio Kishida akaachia ngazi, na Shigeru Ishiba akaitisha uchaguzi Oktoba 2024. LDP ilipata viti 191, Komeito 24. Ili kutawala walihitaji 233.

Kilichokiumiza chama zaidi mwaka 2025 kilikuwa mchele. Chama kilichojengwa na mchele kiliruhusu bei ya mfuko wa kilo tano kupita yeni 4,000, mara mbili ya mwaka uliotangulia. Kwa miongo mingi serikali ilikuwa imewahimiza wakulima wapunguze kulima mpunga ili bei isianguke, huku ushuru wa yeni 341 kwa kilo ukizuia mchele wa nje. Mei 2025 Waziri wa Kilimo, Taku Eto, alisema yeye hajawahi kununua mchele kwa sababu wafuasi wake humletea kwa wingi. Siku chache baadaye hakuwa waziri tena. Julai muungano ukapoteza wingi bunge la juu, na Septemba Ishiba akatangaza kujiuzulu.

Oktoba 4 chama kilimchagua Sanae Takaichi, mwanamke wa kwanza kukiongoza. Mama yake alikuwa polisi mkoani Nara. Hakutoka katika zile familia. Siku sita baadaye Komeito ikajitoa, ikilalamika kwamba suala la fedha za siasa halijashughulikiwa. Takaichi aliufikia uwaziri mkuu Oktoba 21 kwa kuungwa mkono na chama cha Ishin chenye ngome yake Osaka, mji ambao kwa muda mrefu LDP imekuwa ikipigwa na chama hichohicho.

Jumatatu ya kwanza baada ya yeye kushinda uongozi wa chama, hisa za Tokyo zilipanda hadi kiwango ambacho kilikuwa hakijawahi kufikiwa, na yeni ikashuka kupita 150 kwa dola. Aliyekuwa akiagiza gari kwa ajili ya Krismasi alikuwa ameshaanza kupiga hesabu.